Ukimpendekezea mtunza maktaba kitabu, mwambie nani atakisoma



Mmesikia kwamba mchango wa vitabu umefungwa, na sasa kila mmoja anaombwa kutuma majina ya vitabu ambavyo maktaba ya Nyangwe inunue kabla masomo hayajaanza tena mwezi wa tisa. Nimeshaona orodha za kwanza. Ni ndefu, zinapendeza kusoma, lakini nyingi hazitamsaidia mtunza maktaba hata kidogo. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Mimi mwenyewe nilishakosa, na kosa langu liko mpaka leo juu ya kabati, kila anayeingia analiona.

Niwaeleze. Nilipokuwa nasoma Lubumbashi, mtunza maktaba alinipigia simu. Ni mwalimu wa zamani, sisi wote tunamwita Baba Mwalimu. Akaniambia: "Mwanangu, wazazi wamekusanya feza kidogo kwa ajili ya biblio. Wewe uko mahali penye vitabu. Tununue kitu gani?" Nilisikia fahari. Nikamtajia kitabu kimoja kikubwa cha historia, cha Kifaransa, ambacho nilikuwa nakiona kila siku kwenye meza ya profesa wetu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma utangulizi tu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia: "Baba, hicho ndicho kitabu."

Kikanunuliwa. Kikapanda treni mpaka Kindu, kikashuka na pikipiki mpaka Kasongo, kikaja Nyangwe kimefungwa kwenye nailoni juu ya mvua. Bei yake pamoja na usafiri ilimaliza feza yote ya wazazi.

Nilipoenda likizo nikakikuta kiko safi kama siku ya kwanza. Nikauliza: "Baba, hakuna mtu anayekisoma?" Akajibu bila hasira: "Walijaribu. Mwalimu wa historia alifika ukurasa wa kumi na mbili. Wafinalisti wanakiogopa. Lakini si bure, kinazuia karatasi zangu zisiruke na upepo." Tukacheka. Halafu akaniambia neno lingine, na hapo sikucheka tena. Katika mvua ile ile, mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni. Mtoto anahara siku ya tatu. Mama alikuwa amesikia kwamba kuna kitabu kinachoeleza kwa Kiswahili namna ya kumsaidia mtoto nyumbani kabla ya kufika hospitali. Baba Mwalimu anakijua kitabu hicho, alishakiona kwa watu wa misheni zamani. Akamwambia mama: "Hatuna." Mtoto alipona, Mungu ni mwema, walimfikisha kwa waganga. Lakini jibu la "hatuna" lilitoka kwangu mimi. Kwa feza ya kile kitabu changu wangepata vitatu au vinne vya afya, na chenji ingebaki.

Tangu siku ile nimejifunza kumwuliza Baba Mwalimu maswali kabla sijamtajia kitu. Haya ninayoandika hapa ni mambo aliyonifundisha, pamoja na niliyosoma juu ya kazi ya wenzake mahali pengine.

Kwanza, tuelewane juu ya neno "kipya".

Kule Marekani, tangu mwaka 2013, kuna mpango unaoitwa LibraryReads. Watunza maktaba za umma wanasoma vitabu kabla havijatoka sokoni, wanapiga kura, na kila mwezi inatoka orodha ya vitabu kumi walivyovipenda. Tena chama chao kikubwa, American Library Association, kinatoa orodha ya vitabu vya kuangaliwa tangu mwaka 1944. Ni kazi nzuri. Lakini inafanyika mahali ambapo kitabu kikitoka leo, keshokutwa kiko mlangoni. Kwetu, kitabu kipya ni kile ambacho hakijafika Nyangwe. Kitabu cha 1958 kinaweza kuwa kipya kabisa kwetu, na kitabu cha mwaka huu kinaweza kuwa kimezeeka kabla hakijavuka mto. Kwa hiyo usijiulize tu "kimetoka lini?" Jiulize "nani Nyangwe anakihitaji na bado hajakipata?"

Kuna mtu mmoja wa India, Ranganathan, ambaye mwaka 1931 aliandika kanuni tano za kazi ya maktaba. Mbili kati yake, kwa maneno yangu mimi, ziko hivi: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Ni maneno mepesi, lakini yapime kwenye orodha zetu. Mtu ametuma vitabu ishirini na tano na hakutaja msomaji hata mmoja. Baba Mwalimu atafanya nini nayo? Atachagua kwa jina zuri la jalada, kama vile mimi nilivyofanya.

Sasa, pendekezo linalofaa linakuwa na mambo sita. Yote yanaenea kwenye ujumbe mmoja wa simu.

La kwanza: msomaji. Usiseme "kwa vijana". Sema "kwa wafinalisti wanaojiandaa kwa mtihani wa Taifa", au "kwa mama asiyejua Kifaransa", au "kwa watoto wa mwaka wa tatu wa msingi". Ukishindwa kumtaja msomaji, bado hujafika kwenye pendekezo, uko kwenye kusifu tu.

La pili: lugha na ugumu wake. Sisi wa Maniema tunajua kwamba mtoto wetu anasema Kiswahili nyumbani, anasomeshwa Kifaransa darasani, na kule kijijini bibi anamsemesha Kikusu, Kizimba au Kibangubangu. Kitabu cha Kiswahili sanifu kutoka Dar es Salaam hakimtishi mtu wa Nyangwe, kinamfurahisha, lakini kuna maneno yatakayomkwaza. Kitabu cha Kifaransa kizito kinamfunga mdomo kabisa. Sema ukweli: "Mwanafunzi wa mwaka wa nne atakisoma peke yake", au "kinahitaji mwalimu pembeni".

La tatu: kitambulisho chake kamili. Jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, na nambari ya ISBN. Ile nambari iko nyuma ya jalada, karibu na mistari ya bei. Vitabu vilivyotoka tangu 2007 ina tarakimu 13, vya nyuma ya hapo ina 10, na vya zamani sana haina kabisa. Wengine wanaona hii ni kazi ya karani. Hapana. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na matoleo mawili yasiyofanana, na nitawapa mfano wa kwetu sasa hivi.

La nne: bei pamoja na njia. Bei ya dukani peke yake inadanganya. Kule kaskazini mashariki mwa Kenya, Maktaba ya Taifa ya Kenya inapeleka vitabu kwa ngamia tangu 1996, maana gari haifiki kwa wafugaji. Yule anayepakia ngamia hawezi kusahau kwamba kitabu ni uzito. Sisi hatuna ngamia, lakini tuko na pikipiki kwenye matope na mtumbwi kwenye Lualaba. Vitabu vyepesi kumi vinaweza kufika kwa gharama ya kile kimoja kikubwa.

La tano: kasoro. Sema kitabu hakifanyi nini. Mtunza maktaba akikuta mwenyewe kasoro uliyoificha, hatakusikiliza tena.

La sita: umekisoma au hukukisoma? Si aibu kusema "sijakisoma, lakini mwalimu fulani ninayemwamini amekitumia darasani". Aibu ni kufanya kama mimi.

Ili nisionekane nafundisha tu bila kufanya, hii hapa orodha yangu mpya. Ni vitabu vichache.

Mahali Pasipo na Daktari. Ni Kiswahili cha kitabu cha David Werner, kile kinachojulikana duniani kote, na kipo pia kwa Kifaransa. Msomaji wake ni yule mama wa mvua ile, ni muuguzi wa kituo kidogo, ni baba mwenye mtoto anayechemka usiku. Kina michoro mingi, hata asiyejua kusoma vizuri anaelewa akisaidiwa. Kasoro: dawa na vipimo vinabadilika, kwa hiyo toleo la zamani ni hatari kwenye kurasa za dawa. Toleo la karibuni tu. Na mtunza maktaba aandike kwenye jalada kwamba kitabu hiki hakichukui nafasi ya hospitali.

Peponi, cha Abdulrazak Gurnah. Huyu ni mtu wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitia Kiswahili, kikatoka kwa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Ni habari ya kijana Yusuf aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kulipia deni, akaingia kwenye msafara wa biashara kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa. Sisi ndio watu wa ng'ambo ya ziwa. Misafara ya namna ile ilikuwa inaishia kwetu. Msomaji: walimu, na wanafunzi wakubwa. Kasoro: Kiswahili chake ni cha pwani na hadithi haina haraka. Wasomewe kwa sauti, sura moja kila juma.

Petit Pays, cha Gaël Faye, 2016. Ni Kifaransa chepesi, ni kitabu chembamba, na mtoto anayesimulia anaishi Bujumbura, mji ambao bidhaa nyingi za kwetu zinapitia. Kilipata tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo inatolewa na wanafunzi wa sekondari wenyewe kule Ufaransa. Msomaji: wafinalisti wanaotaka Kifaransa cha kweli, si cha kukariri. Kasoro: kuna vita na vifo ndani yake, na kati ya watoto wetu wapo walioona mambo hayo kwa macho yao. Mwalimu akisome kwanza.

Hadithi ndogo za African Storybook. Hizi zinatoka kwa shirika la Saide la Afrika Kusini. Ziko kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingi za Afrika, ni bure, na leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzichapa, hata kuzigeuza. Maana yake, mtu mwenye printa Kasongo anaweza kutoa vitabu thelathini vya watoto kwa bei ya wino na karatasi. Tena tunaweza kuandika zetu kwa lugha za babu zetu kwa kufuata picha zile zile. Kasoro: karatasi zilizochapwa hivi zinachanika haraka. Zishonwe na zitiwe jalada gumu.

Sasa nafika kwenye kitabu kilicholeta ugomvi.

Wengi mmeandika: "Tuletewe kitabu cha Tippu Tip." Sawa, lakini kipi? Hamed bin Muhammed el Murjebi aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1900. Baadaye W. H. Whiteley akatoa toleo lenye Kiswahili na Kiingereza, mwaka 1958 na 1959. Halafu Padri François Bontinck akatoa toleo la Kifaransa kule Brussels mwaka 1974. Mkiagiza kwa jina la Tippu Tip tu, mnaweza kuletewa Kifaransa bila neno moja la Kiswahili, au kitabu cha mtu mwingine kinachosimulia juu yake. Mnaona sasa juu ya nini nasema tuandike mchapishaji na mwaka? Kwa Nyangwe napendekeza toleo la Whiteley, maana mtu wa kwetu atasoma maneno yake mwenyewe bila mkalimani.

Nilipomtajia Baba Mwalimu, akanyamaza kidogo. Akasema mzee mmoja wa mtaa alishamwambia: "Msilete mambo ya utumwa hapa. Tunakaa mkeka mmoja." Na ni kweli tunakaa mkeka mmoja. Pale Nyangwe kuna familia zinazojihesabu kizazi cha Waungwana, na kuna familia za Wagenia na wengine ambao mababu zao walikamatwa sokoni. Tunaoana, tunazikana.

Nikamwambia: Baba, siku ya tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe. Aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki katikati ya soko lililojaa, wanawake wengi, watu wakijitupa mtoni. Aliandika kwamba Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za kule kule kwetu. Wino ukafifia mpaka maandishi hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki waliyatoa tena kwa kupiga picha za mwanga wa rangi mbalimbali, na sasa daftari lile liko kwenye intaneti bure, kwenye Livingstone Online. Yule anayelisoma anaona pia kwamba habari iliyochapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake, hailingani kila mahali na ile aliyoiandika siku zile.

Fikirini: maandishi yaliyoandikwa Nyangwe, kwa wino wa Nyangwe, juu ya watu wa Nyangwe, yanasomwa London na Chicago, na Nyangwe hayapo. Ndivyo ilivyo pia kwa Kasongo. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilitoa uchunguzi wa kikundi cha Projet Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo wa Kasongo. Waganga wa nchi nyingi wameusoma. Ni wangapi kati yetu waliochanjwa miaka ile wameuona?

Baba Mwalimu alifikiri siku mbili. Kisha akanipigia na kunipa masharti yake, ambayo kwangu ni somo kubwa kuliko vyote. Akasema: "Ukileta cha Tippu Tip peke yake, watu watasema biblio inamsifu. Ukileta cha Mzungu peke yake, watasema biblio inawatukana watoto wa Waungwana. Leta vyote viwili siku moja, viwekwe pamoja. Na kile cha Kiingereza, mtu atuandikie kurasa kumi za Kiswahili, maana Kiingereza hapa ni wangapi? Tena mzee yule aalikwe kusoma wa kwanza."

Hapo nikaelewa kitu. Mimi nilikuwa napendekeza vitabu, yeye alikuwa anawaza watu watakaokaa navyo. Mtunza maktaba anabaki na kitabu miaka ishirini baada ya mimi kukitaja kwa sauti kubwa. Akikosea, si mimi nitakayeulizwa sokoni.

Kwa hiyo kwenye orodha yangu naongeza hivyo viwili, na zile kurasa kumi za Kiswahili nimejitolea kuziandika mwenyewe. Nimeanza. Anayejua Kiingereza vizuri kuliko mimi anisaidie kusahihisha, nitamshukuru.

Ninyi wengine, naomba mrudie orodha zenu. Mwenye vitabu ishirini na tano abakishe vitatu. Kwa kila kimoja aandike yale mambo sita: msomaji, lugha, kitambulisho, bei na njia, kasoro, na kama amekisoma. Na kabla ya kutuma, piga simu Nyangwe. Inite za dakika tano zinatosha. Muulize Baba Mwalimu swali moja tu: juma hili nani amekuja akarudi mikono mitupu? Andika kwa ajili ya huyo.

Kile kitabu changu kikubwa bado kiko. Baba Mwalimu amekataa kukitoa. Anasema siku moja atakuja mtoto ambaye hakiogopi, naye asimkose.